Mtoto na kibali cha bunduki: dini inasemaje?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Mimi ni mkazi wa Kigamboni, na nina shamba Mkuranga ambako ngedere na nguruwe pori wananimalizia mihogo. Kwa ajili hiyo nina shotigani, nilipita serikali ya mtaa mpaka polisi nikapewa kibali. Nyumbani naiweka juu ya kabati la nguo, nimeifunika kwa kanzu. Sasa kaka yangu anaishi Uingereza, na mwanawe wa miaka 12 amepewa na polisi wa huko cheti cha kumiliki shotigani. Wanakwenda pamoja kulenga visahani vya udongo. Mwanangu wa miaka 13 tangu aone picha za binamu yake hanipumzishi, anataka nimfundishe na yeye. Kaka ananiambia tunawalea watoto kwa woga, na kwamba Mtume (s.a.w.) ameamrisha wafundishwe kurusha mishale. Je, dini inaruhusu mtoto amilikishwe silaha? Naweza kumfundisha kule shamba? Na nikifa, bunduki hii ni yake?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yetu, kumfundisha mtoto kulenga shabaha ni jambo moja, na kumkabidhi silaha iwe mkononi mwake ni jambo jingine. La kwanza asili yake ni halali kwa masharti. La pili halijuzu. Kaka yako ameyachanganya mawili haya, na si yeye peke yake.

Nianze na maneno aliyoyanukuu. “Wafundisheni watoto wenu kuogelea na kurusha mishale” yanazunguka sana kwenye simu yakiwa yamebandikwa jina la Mtume (s.a.w.). Yanajulikana zaidi kuwa ni kauli ya Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), na njia zinazoyafikisha kwa Mtume mwenyewe wanazuoni wa hadithi wamezitia udhaifu. Lakini maana yake haipingiki. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Salama bin al-Akwa (r.a.) kwamba Mtume aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kurusha mishale, akawaambia: “Rusheni, enyi wana wa Ismail, kwani baba yenu alikuwa mrushaji.” Kwa hiyo mtoto wa kaka yako hafanyi haramu kwa kuvunja visahani vya udongo. Angekuwa anamlenga kiumbe hai aliyefungwa, hapo ningesema mengine: Ibn Umar (r.a.) aliwapita vijana wa Kikuraishi wamemsimamisha ndege wanamfanyia shabaha, akawaambia Mtume amemlaani anayefanya chenye roho kuwa shabaha.

Sasa tuje kwenye kukabidhiwa. Huyu huyu Ibn Umar anasimulia, na hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, kwamba siku ya vita vya Uhud alijihudhurisha kwa Mtume naye ana miaka 14, hakumruhusu. Akajihudhurisha siku ya vita vya Handaki ana miaka 15, akamruhusu. Mwangalie ni nani aliyerudishwa: mtoto wa Umar, aliyekulia kati ya panga na mikuki, katika vita ambayo Waislamu walikuwa wachache na kila mkono ulihitajika. Siku hiyo hiyo ya Uhud, vitabu vya sira (maisha ya Mtume) vinataja kwamba kijana Rafi bin Khadij nusura arudishwe, kisha akaruhusiwa alipotajwa kuwa ni mrushaji hodari; lakini Rafi alikwishafika miaka 15. Uhodari ulimsaidia kwa sababu umri ulikwishafika. Nafi, mwanafunzi wa Ibn Umar, alipomsimulia Khalifa Umar bin Abdulaziz hadithi ya Ibn Umar, Khalifa alisema huo ndio mpaka baina ya mdogo na mkubwa, akawaandikia magavana wake waufuate.

Na umri peke yake hautoshi. Katika Suratun Nisaa aya ya 5 na ya 6 Mwenyezi Mungu anakataza kuwapa mali wasio na akili ya kuitunza, kisha anaamrisha mayatima wajaribiwe mpaka wafikie umri wa kuoa, na ikionekana wana busara ndipo wakabidhiwe mali zao. Hapo panazungumzwa pesa, mbuzi, mitende! Mtoto anaweza kuwa na milki: akipewa zawadi au akirithi ni chake, hakuna wa kumnyang’anya. Lakini mkono unaoshika ni wa walii wake, yaani msimamizi wake. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tunayosomeshana hapa pwani, mtoto hata kuuza na kununua kwake hakusihi. Asiyeweza kuuza baiskeli yake atashikaje bunduki kwa jina lake?

Halafu kibali cha silaha chenyewe ni nini? Ni serikali kumwambia mtu kwamba likitokea la kutokea, wewe ndiye utakayejibu. Na mtoto, kwa hadithi mashuhuri, ni mmoja katika watatu ambao kalamu ya kuandika dhambi imeinuliwa juu yao, mpaka abalehe. Kisasi hakimpati. Ukiandika jina lake kwenye cheti umeuweka mzigo mahali ambapo sheria ya Mungu imekwishauondoa, na aliyestahiki kuubeba amejificha nyuma ya mtoto.

Mwaka 2014 huko Arizona, Marekani, binti wa miaka 9 alipewa bunduki aina ya Uzi kwenye uwanja wa kulengea shabaha. Mwalimu wake alikuwa amesimama ubavuni pake. Bunduki ikamzidi nguvu ikapanda juu huku inafyatua, ikamuua mwalimu. Binti yule hana dhambi hata chembe, ila ataishi na jambo hilo. Na mwaka 2021 huko Michigan, kijana wa miaka 15 aliwaua wanafunzi wenzake wanne kwa bastola ambayo baba yake alimnunulia siku chache kabla. Mwaka 2024 baba na mama wote wawili walitiwa hatiani kwa vifo vile. Watu wengi waliona hukumu hiyo ni ngeni. Kwa aliyesoma fiqhi si ngeni sana. Imam Nawawi katika kitabu chake Minhaj, mlango wa dia (fidia ya damu), anasema mtoto akikabidhiwa kwa mwogeleaji amfundishe kuogelea, akazama, dia yake inawajibika. Kuogelea, jambo jema! Mwalimu hakukusudia ubaya, mzazi karidhia, na bado damu ya mtoto haikupotea bure. Pale pale anazungumzia mtu anayempigia ukelele mtoto asiye mumayizi (asiyeweza bado kupambanua mambo) aliye ukingoni mwa dari akaanguka akafa, na anasema kumchomolea silaha ni sawa na ukelele ule. Silaha haijamgusa mtoto, na bado mwenye nayo anadaiwa.

Lakini tusiwaonee Waingereza. Ni kweli sheria yao ya silaha ya mwaka 1968 haikuweka umri wa chini wa kupata cheti cha shotigani, na ndiyo maana unasikia watoto wadogo wanavyo. Ila chini ya miaka 18 huruhusiwi kununua, na chini ya miaka 15 huwi na shotigani iliyoungwa ila uwe chini ya macho ya mtu wa miaka 21 au zaidi, vinginevyo iwe ndani ya mfuko uliofungwa barabara. Ukiitazama kwa undani, kile cha mtoto wa kaka yako ni ruhusa ya kujifunza iliyovaa jina la umiliki. Wanaoitetea husema heri polisi wamjue mtoto anayeshika bunduki kuliko asijulikane, na sioni kama ni hoja ya kupuuzwa. Mimi ningependa jina la kwenye karatasi liwe la baba. Na cheti chenyewe si kinga: mwaka 1996 huko Dunblane, Scotland, mtu mzima mwenye vibali halali aliingia shuleni akaua watoto 16 na mwalimu wao, na mwaka uliofuata karibu bastola zote za raia zikapigwa marufuku kule. Kama mkubwa aliyekaguliwa anafanya hivyo, mtoto anakaguliwa kitu gani?

Huku kwetu jambo ni jepesi. Una Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na una Sheria ya Mtoto ya 2009 inayosema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kibali kimetoka kwa jina lako baada ya watu kuulizwa tabia zako, si za mwanao. Kutii mamlaka katika lisilo maasi ni wajibu, kwa aya ya 59 ya sura ile ile ya Nisaa. Kwa hiyo usimpe shotigani Mkuranga akafyatue, hata risasi moja, hata ukiwa umemshika mikono. Ukitaka kweli ajifunze, nenda kwanza kwa polisi waliokupa kibali uwaulize, na jibu watakalokupa lifuate.

Kilichobaki cha kumfundisha ni kingi, na kinaanza na vitu alivyo navyo tayari. Manati, kwa mfano. Na zile bastola za plastiki za vipunje ambazo kila Idi zinatandazwa Kariakoo, mtoto anatoka na baibui la mama mkono mmoja na bastola mkono wa pili, jioni mwenzake amevimba jicho. Abdallah bin Mughaffal (r.a.) alimwona mtu anarusha vijiwe kwa vidole akamkataza, akasema Mtume amekataza hilo, kwani haliwindi mnyama wala halimdhuru adui, bali huvunja jino na kutoboa jicho. Pia Mtume amekataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, kwa sababu hajui, huenda shetani akaiponyosha mkononi mwake. Mwanao akiweza kukaa na bastola ya plastiki mwezi mzima bila kumwelekezea dada yake, utakuwa umeona mwanzo wa busara ile iliyotajwa katika aya. Asipoweza, umeshapata jibu la kumpa.

Na hilo kabati, ndugu yangu, limenitia hofu kuliko swali lako. Mtoto wa miaka 13 ndani ya nyumba anajua kila kilicho juu ya kabati. Mtume alituamrisha tuzime taa tunapolala, asije panya akavuta utambi akawaunguza watu wa nyumba. Ikiwa panya amehesabiwa, mtoto hahesabiwi? Nunua sefu, ifunge kwa boliti ukutani, risasi ziwe mahali pengine, na ufunguo uwe nao wewe. Fanya hivyo wiki hii.

Ama ukifa: kibali kinakwisha na wewe, kwa hiyo warithi waipeleke bunduki polisi kwanza, asibaki nayo mtu nyumbani kwa madai ya urithi. Thamani yake ndiyo iliyo tirka, yaani mali ya kurithiwa. Auziwe mwenye kibali kwa utaratibu wa sheria, madeni yako yalipwe, na kinachobaki kigawanywe: mkeo ana thumuni yake (moja ya nane), wazazi wako kama wako hai wana mafungu yao, na watoto wanagawana kilichosalia, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Akiwa mwanao bado mdogo, fungu lake analishika walii. Usimwahidi kwamba bunduki ni yake, maana dada zake nao wamo ndani ya bei ile.

Wallahu aalam.