Jina halipo kwenye skrini? Usifute akaunti

Wiki iliyopita kijana anayejifunza ufundi kwangu alinipigia simu saa moja asubuhi, sauti imemkauka. "Kaka, nimewasha mashine ya walimu, majina yote hayapo." Nikamuuliza amegusa nini. "Sijagusa kitu." Nikamwambia basi aendelee kutogusa, atoke nje akanywe chai, mimi nipo njiani.

Sikuwa namtania. Majina yakipotea kwenye skrini ya kuingilia, mara nyingi hakuna kilichoharibika bado. Uharibifu huja na fundi mwenye haraka. Nalijua hilo kwa sababu mashine ileile, miaka kadhaa nyuma, niliiharibu mimi.

Ilikuwa mwishoni mwa 2020. Kompyuta hiyo hukaa kwenye ofisi ya walimu ya shule moja ya sekondari, na kila somo lina akaunti yake. Majina ya watu tuliyaacha kwa makusudi, maana walimu huhama. Tukatumia jiografia, kemia, fasihi na kadhalika, akaunti sita, ya saba yangu. Mashine ilikuwa inatumia CentOS 6, aina mojawapo ya Linux, na CentOS 6 ilikuwa inafika mwisho wa kuhudumiwa tarehe 30 Novemba mwaka huo. Nikahamia Debian, Linux nyingine, yenye KDE, yaani mazingira ya madirisha na picha. Ili walimu wasibadilishe maneno ya siri, nilinakili mistari yao kutoka kwenye /etc/passwd, /etc/shadow na /etc/group za zamani, faili zinazotunza watumiaji, maneno yao ya siri na makundi yao, nikaibandika kwenye mpya, nikahamisha na folda zao. Nikazima, nikawasha. Skrini ikatoka na jina moja tu: langu.

Kila mwalimu aliyeandika jina lake kwa mkono aliingia vizuri, akakuta vitu vyake vyote. Hapo ndipo ningepaswa kusimama na kujiuliza: kama mtu anaingia, kwa nini haonekani? Sikujiuliza. Niliwaambia waandike tu, nitarekebisha nikipata nafasi.

Wiki mbili zikapita. Mwalimu wa jiografia, mama wa makamo asiyependa mchezo, akanisimamisha mlangoni. Sijamaliza hata shikamoo. "Marahaba. Fundi, mimi nina wajukuu. Kila asubuhi naandika jina langu kwenye kompyuta kama mtoto wa chekechea. Wewe lako mbona lipo?" Nikaona aibu, nikakaa nirekebishe palepale. Kichwani nilikuwa na maelezo tayari: akaunti imehama vibaya, imeoza, dawa ni kuifuta na kuifungua upya. Nikaandika:

userdel -r jiografia
adduser jiografia

Nikawasha upya, na kweli, "Mwalimu wa Jiografia" akatokea kwenye skrini pamoja na mimi. Niliona raha ya ajabu. Nikamwita. Akakaa, akaingia, akatazama ile picha mpya ya ukutani isiyo na faili hata moja juu yake, akasema polepole, "Na alama za kidato cha pili?"

Ile -r hufuta folda ya mtu pamoja na akaunti yake. Niliijua. Niliiandika kwa mazoea tu, kama mtu anavyovuka barabara aliyoizoea bila kutazama kulia. Diski ya zamani ilikuwa bado stoo, kwa hiyo vitu vya kabla ya kuhama vilirudi. Kazi ya zile wiki mbili haikurudi. Jioni mbili tulikaa, yeye anasoma alama kutoka kwenye karatasi za wanafunzi, mimi naandika. Hakunigombeza, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Kilichokuja kunisumbua baadaye ni kwamba dawa yangu ilifanya kazi. Jina lilitokea. Ningeweza kuwarudia wengine watano kwa njia hiyohiyo, nikijiona mjanja. Ilibidi nitafute kwa nini ilifanya kazi, na jibu lilikuwa kwenye namba niliyokuwa nimeibandika bila kuisoma. Mstari wa zamani ulikuwa hivi:

jiografia:x:504:504:Mwalimu wa Jiografia:/home/jiografia:/bin/bash

Hiyo 504 ya kwanza ni namba ya mtumiaji. CentOS 6 ilianza kuwapa watu namba kuanzia 500. Debian huanzia 1000, na chini ya hapo huchukulia kuwa ni watumiaji wa mfumo: huduma ya kuchapisha, huduma ya saa, vitu ambavyo haviketi kwenye kiti. Sasa, programu inayochora skrini ya kuingilia kwenye KDE inaitwa SDDM, nayo ina mpangilio uitwao MinimumUid, namba ndogo kabisa ya mtumiaji anayeonyeshwa, wenye thamani ya 1000. Ikikuta 504 inapita kimya. Haitoi onyo wala kosa, kwa kuwa kwake hakuna kosa. Imemwona mtumiaji wa mfumo, ikamficha. Nilipofungua akaunti upya, adduser ilitoa namba ya kwanza iliyo wazi juu ya 1000, ndiyo maana jina likaja. Ningeweza kupata matokeo hayohayo kwa amri moja isiyofuta kitu:

usermod -u 1504 jiografia

Walimu watano waliobaki niliwafanyia hivyo, kila mmoja akiwa ametoka kabisa kwenye mashine, maana amri hii hukataa kama mtu ana programu inayoendeshwa kwa jina lake. Inabadilisha umiliki wa faili zilizo ndani ya folda ya mtu yenyewe. Zilizo nje haizigusi, na hapo nilijikwaa tena kidogo: mwalimu wa kemia alishindwa kuhariri mtihani wake mwenyewe kwenye folda ya pamoja ya /srv, kwa kuwa faili zilibaki mali ya namba ya zamani ambayo haikuwa na mwenyewe. Kabla ya kuondoka, tafuta yatima hao kwa find /srv -uid 503, au namba yoyote iliyokuwepo, uwarudishe kwa chown, amri ya kubadili mmiliki wa faili. Utaniuliza kwa nini sikushusha tu MinimumUid hadi 500. Inawezekana, ni mstari mmoja. Lakini Debian nayo huwapa watumiaji wake wa mfumo namba kama 999, na sikutaka siku moja huduma fulani ijipange kwenye skrini kati ya fasihi na kemia.

Kwa hiyo mgeni katika kazi hii naomba aelewe kitu kimoja kabla hajajifunza amri hata moja. Ile skrini haimjui mtu yeyote. Ni kama yule kijana wa mlangoni kwenye ukumbi wa harusi mwenye karatasi ya waalikwa. Kutokuwepo kwenye karatasi yake hakukufanyi usiwe shangazi wa bibi harusi. Yeye kapewa karatasi na kuna mtu kaichuja kabla hajapewa. Kazi yako ni kujua nani kachuja na kwa kigezo gani.

Anza hivi. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Utapata skrini nyeusi ya maandishi. Ingia kwa akaunti yako, kisha uliza mfumo wenyewe: getent passwd jiografia. Ukijibiwa kwa mstari kama ule wa juu, mtu yupo, na kuanzia hapo mkono wako usiisogelee userdel. Usipojibiwa chochote, basi mfumo kweli haumjui, na hilo ni tatizo jingine kabisa.

Mstari ukitoka, usome mpaka mwisho. Namba tumeshaiona. Sehemu ya tano ni jina linaloonyeshwa. Skrini nyingi huonyesha hilo badala ya jina la akaunti, na nimewahi kuitwa mbali kwa ajili ya "jina lililopotea" ambalo lilikuwepo muda wote, ila mtu aliandikwa kwa jina lake la ubatizo ambalo hata yeye amelisahau. Sehemu ya saba ni sheli, programu inayopokea amri za mtu akishaingia. Ikiwa ni /usr/sbin/nologin au /bin/false, skrini nyingi humficha, na ni haki, kwa kuwa hata angeonekana asingeingia. Kuna na mtego wa wajanja: mtu anaweka sheli aliyoipakua mwenyewe, haijaandikwa kwenye /etc/shells, kisha anashangaa jina lake limeondoka. Iandike humo.

Kama mstari hauna kasoro, sasa ndiyo uulize ni programu gani inachora skrini. Usikisie kwa kutazama rangi. Amri systemctl status display-manager itakutajia.

Ikiwa ni GDM, ile ya GNOME (mazingira mengine kama KDE), orodha yake huipata kutoka kwa huduma iitwayo AccountsService, inayoweka faili ndogo kwa kila mtu ndani ya /var/lib/AccountsService/users. Fungua faili la mtu aliyepotea. Ukikuta SystemAccount=true, umeshamaliza: badilisha iwe false, uwashe upya huduma ya accounts-daemon. Kama waliopotea ni wote, angalia kama mtu amewasha disable-user-list. Kwenye Debian na Ubuntu hupatikana ndani ya /etc/gdm3/greeter.dconf-defaults. Ofisi nyingine huiwasha kwa makusudi ili mpita njia asisome majina ya wafanyakazi, kwa hiyo uliza kabla hujaizima. Na GDM ikiamini kwamba hakuna mtu hata mmoja, inaweza kukukaribisha ufungue akaunti ya kwanza kana kwamba mashine imetoka dukani leo. Wageni wengi hapo huanza kulia. Rudi kwenye F3, uliza getent, utakuta watu wako wamekaa.

LightDM, programu nyingine ya skrini ya kuingilia, ni rahisi zaidi. Kwenye Debian huficha orodha tangu mwanzo, kwa hiyo ukisimika Debian yenye Xfce, mazingira mepesi kuliko KDE, ukaona kisanduku kitupu cha jina, hujakosea kitu. Weka greeter-hide-users=false chini ya [Seat:*] ndani ya /etc/lightdm/lightdm.conf. Kuna faili jirani, users.conf, lenye vigezo vizuri vya kuvutia macho, nalo limekula jioni nzima za watu: AccountsService ikiwepo, LightDM hailisomi kabisa. Limeandikwa hivyo juu kabisa ya faili lenyewe, mahali ambapo hatusomi.

Watumiaji wanaotoka kwenye seva ya taasisi, kwa LDAP au Active Directory, mifumo inayotunza akaunti za taasisi mahali pamoja, hawaorodheshwi kwa kawaida mpaka wameingia angalau mara moja. Kwa SSSD, huduma inayounganisha Linux na seva hizo, hiyo ndiyo hali ya kawaida, na kuilazimisha iorodheshe taasisi nzima ni kuitesa mashine. Mfundishe mtu kuandika jina lake. Ndiyo, hata mwenye wajukuu.

Sasa turudi kwa kijana wangu. Nilifika, chai yake bado nusu. Skrini ya KDE ilikuwa na kisanduku cha kuandika jina, basi. Tukaenda F3, akauliza getent kwa akaunti moja moja. Wote wakajibu, namba zote juu ya 1000, sheli zote /bin/bash. Nikamuuliza tena kwa upole amegusa nini.

"Sijagusa, kaka. Jana nimeongeza tu akaunti ya yule mwalimu wa mazoezi."

Nikacheka mpaka nikaketi. Sita za masomo, moja yangu, na hiyo ya mwalimu wa mazoezi: nane. SDDM ina kikomo kiitwacho DisableAvatarsThreshold, na thamani yake ya kawaida ni 7. Watu wakizidi hapo, mandhari ya kawaida ya KDE huacha kupanga picha na majina, inakuletea kisanduku. Mtu wa nane alipoingia, aliwafukuza wote saba. Nilimwonyesha amri ya sddm --example-config, inayomwaga mipangilio yote na thamani zake, akaisaka mwenyewe mpaka akaipata. Akaandika faili jipya ndani ya /etc/sddm.conf.d:

[Theme]
DisableAvatarsThreshold=20

Akataka kuwasha upya SDDM hapohapo, nikamshika mkono: angalia kwanza kama kuna mtu yuko ndani, maana amri hiyo inamkatia kila aliye kazini bila kumuuliza kama amehifadhi. Akaandika who, amri inayotaja walio ndani. Tulikuwa sisi peke yetu. Akaiwasha, na majina manane yakajipanga.

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu wa jiografia aliingia na mkoba wake, akatutazama sote wawili mbele ya mashine, akasimama.

"Leo mmefuta nini?"