Maswali yenu ya cherehani: vitenge vikali kwenye kwilti moja

Safari hii mmeniandikia kwilti tu, kwilti tu (lile blanketi la vipande vya vitambaa vilivyoungwa, lenye pamba katikati), kwa hiyo nguo za watoto zitasubiri toleo lijalo.

SWALI: Dada habari. Nilikua na vitenge vyangu vizuri sana, vingine maua makubwa, vingine mizunguko, vingine mistari, nikavikata miraba ya inchi 3 nikaunga yote. Sasa nikitandaza kitandani naona kizunguzungu tu, ua silioni, mzunguko siuoni, rangi zote zinawaka kwa pamoja. Nimekosea rangi? Mume wangu anasema nikatie matambara ya jikoni. – Nimechoka

JIBU: Mwambie shemeji aache kisu chini. Rangi hazina kosa mdogo wangu, tatizo lako la kwanza ni mkato. Ua la kitenge lina upana wa sahani, ukilikata inchi 3 unabaki na ncha ya jani na robo ya duara, halafu umeweka pembeni yake kipande kingine cha namna hiyohiyo, na kingine, jicho litue wapi sasa? Maua makubwa yanataka vipande vikubwa, inchi 8 mpaka 10, na vile vya nukta na vijistari vyembamba ndo unaweza kukata vidogo vidogo utakavyo.

La pili, na hapa ndo wengi mnaanguka, mnapanga kwa rangi wakati mngepanga kwa weusi na weupe wa kitambaa, yaani kipi kimekoza na kipi kimepauka. Nyekundu na kijani ni rangi mbali kabisa ila zikiwa zimekoza sawasawa ukizishona pamoja ule mpaka wa kati yake hauonekani. We fanya hivi, tandaza vipande sakafuni kabla hujashona, simama juu ya kiti, piga picha na simu kisha ibadili iwe ya nyeusi na nyeupe. Kama yote imekua kijivu kimoja, basi hata ungekua na rangi ishirini umeweka kitambaa kimoja. Mimi nachagua kitenge kimoja tu kiwe bosi, vingine vyote vinakaa chini yake, na lazima kuwe na kitambaa kisicho na maua kabisa mahali fulani ili macho yapumzike. Wapo wanaosema kitambaa kitupu kinapoza kwilti, siwaungi mkono hata kidogo.

Sasa hiyo yako iliyokwisha ungwa usifumue, utalia. Maadam bado hujaweka pamba ya katikati, ikate kanda ndefu za upana wa inchi 6 hivi, halafu kati ya ukanda na ukanda ingiza kitambaa kitupu cha inchi 2 au 3, buluu iliyokoza au nyeusi au nyeupe ya maziwa. Angalizo: mkasi ukipita juu ya mishono, kila mshono uliokatwa unaanza kuachia pale pembeni, kwa hiyo kabla hujaishikashika pitisha cherehani mara moja karibu kabisa na ukingo wa kila ukanda, ndo uendelee. Na usione aibu kukata kazi iliyokwisha. Wanawake wa Gee's Bend kule Alabama, Marekani, walishona kwilti kwa nguo kuukuu za shamba, majinzi yaliyochakaa magoti na mashati, kanda nyingine zimeenda upande, na mwaka 2002 kwilti zao zilitundikwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston na baadaye New York, watu wakazitazama kama michoro ya wasanii wakubwa.

SWALI: Kitenge changu chekundu kinachuja rangi. Niliambiwa niloweke kwenye siki na chumvi rangi ishike, ni kweli? Nataka kukichanganya na nyeupe.

JIBU: Hapana bana, siki na chumvi hazishikishi rangi ya pamba iliyochapwa kiwandani, utaharibu siki bure. Kifue peke yake na maji ya moto, rudia mpaka maji yatoke safi, na hapohapo kinajimaliza kurudi na kinatoa ule wanga unaokifanya kiwe kigumu kama karatasi. Kikiwa bado kibichi kibichi kilazie kitambaa cheupe juu yake upige pasi. Cheupe kikitoka na waridi, hicho kitenge hakina urafiki na nyeupe, kitafutie weusi na buluu za kuishi nazo.

Na hakikisha ni pamba kweli, siku hizi polista imejaa na kwa macho hutofautishi. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibano juu ya sinki uziwashe. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, polista inayeyuka inakua kitone kigumu. Polista kwenye kwilti ya pamba itakusumbua kwenye pasi kila siku.

SWALI: Miraba yangu yote nimekata inchi 10 kwa rula, lakini nikiunga mistari ya miraba minane kona hazikutani, mstari mmoja mrefu mwingine mfupi. Cherehani mbovu?

JIBU: Cherehani haina kosa, ni mshono wako unatembea. Kwilti inashonwa robo inchi kutoka ukingoni, mraba wa 10 unabaki 9 na nusu. Ukizidisha kaupana ka moja ya kumi na sita ya inchi tu, kila mshono unakula pande mbili, na miraba minane ina mishono saba, piga hesabu, umepoteza karibu inchi nzima. Bandika tepu ya karatasi kwenye bamba la cherehani robo inchi kutoka kwenye sindano, kitambaa kifuate hapo. Na pasi ibonyeze halafu inua, usiiburute, kitambaa kilichokatwa kimshazari kinavutika.

SWALI: Nimerithi kwilti ya marehemu mama, vipande vitano hivi vimelika mpaka pamba inaonekana. Naogopa kuifumua. Nifanyeje?

JIBU: Pole mpenzi. Usifumue, kiraka kipya kinakaa juu ya cha zamani. Kata kikubwa kidogo kuliko kilichochakaa, kunja robo inchi pande zote, piga pasi, bana na pini, kisha shona kwa mkono mishono midogo ukishika tabaka la juu tu. Cha zamani kibaki chini humo humo.

Shida itakua upya wa kitambaa, kitang'aa kuliko wenzake. Kifue mara kadhaa kwanza. Kama ni kile kilichochapwa upande mmoja, kigeuze utumie nyuma, rangi imepauka yenyewe. Kitenge cha nta hakikusaidii hapo maana pande zote mbili zinafanana. Halafu angalia pembeni kuzunguka, pindo ndo huwa la kwanza kulika, kama limeanza kutoa nyuzi weka jipya la ukanda wa inchi 2 na nusu uliokunjwa katikati, ulifunike la mama bila kulitoa.