Mniulizie jirani wa chumba cha tatu

Swali lenu la wiki hii, eti mtu anayesakwa akigonga mlango usiku ungemficha? Nilivyosoma nikacheka kwanza, maana mimi nakaa nyumba ya kupanga, vyumba sita choo kimoja, nikinunua unga kilo mbili badala ya moja tu mama wa chumba cha tatu ananiuliza toka uani kwa sauti, "Vipi, una ugeni?" Sasa huyo mtu nimfiche wapi, chini ya kitanda? Akikohoa je?

Ila nikawakumbuka akina Veseli wa Kruja, kule Albania, familia ya Kiislamu ya kawaida tu. Kijana wao Refik alikuwa na miaka 17, anajifunza kazi kwenye studio ya picha mjini Tirana, na hapohapo studio alikuwepo fundi Myahudi, Moshe Mandil, kakimbia Yugoslavia na mkewe na watoto wawili. Mwaka 1943 Italia, iliyokuwa imeikalia Albania, ikasalimu amri vitani, wakaingia Wajerumani wa Hitler waliokuwa wanawasaka na kuwaua Wayahudi, Refik akawaomba wazazi wake awalete nyumbani, wakamwambia walete. Wakapanda milima na nyumbu, usiku wanatembea mchana wanajificha mapangoni. Kufika Kruja, Mandil na mkewe wakawekwa chumba kidogo juu ya zizi, watoto wakavalishwa kama watoto wa kijijini na wakawa wanacheza nje na wenzao. Baadae ndugu yake Refik nae akaleta familia nyingine ya Kiyahudi!

Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walikaa mpaka Novemba 1944, na hilo jembe wale wakubwa wangelishikaje wakati kuonekana tu shambani ni kifo, chao na cha wenyeji wao. Waalbania wana kitu wanaita besa, yaani ukishampokea mtu ni amana, akipotea umempoteza wewe. Ndio maana vita inaisha, Albania ina Wayahudi wengi kuliko kabla haijaanza.

Vita ilivyoisha Refik akawafuata akina Mandil kwao Novi Sad, kule Yugoslavia, akakaa kwao akimalizia ufundi wa picha, zamu yake kuwa mgeni. Na mwaka 1987, mmoja wa wale watoto wa Mandil keshakuwa mtu mzima kaandika barua, Israel ikawatambua Refik na wazazi wake, Waalbania wa kwanza kupewa ile heshima ya watu wasio Wayahudi waliohatarisha maisha kuwaokoa Wayahudi.

Refik kwa kweli hanishangazi sana, mtu wa miaka 17 anathubutu lolote. Wananishangaza majirani. Mtaa mzima ulijua! Watoto wageni wanakimbia njiani kila siku, mkate unaookwa umeongezeka, na hakuna aliyeuliza kwa sauti.

Kwa hiyo mhariri, mimi mlango ningefungua, nadhani. Hilo swali lingine, kama jirani angenyamaza, kampelekeeni mama wa chumba cha tatu, jana tu nimenunua samaki wawili na mpaka jioni duka zima la mangi lilikuwa linajua.