Jibu: Hekalu, kilinge na ukuta wa Seoul kwa nusu siku

Mkuu, umeuliza kama nusu siku inatosha kuona hekalu, kilinge cha mizimu na ukuta wa kale bila gari. Inatosha. Nenda mlima Inwangsan.

Panda metro laini ya 3, shuka Dongnimmun, toka mlango namba 2. Fuata vibao vya Inwangsa, ndilo hekalu lenyewe. Mwanzo ni kichochoro cha magorofa chenye mwinuko mkali, na wengi hudhani wamepotea. Endelea tu hadi uone lango lililopakwa rangi.

Juu ya vijumba vya hekalu ndipo ilipo Guksadang, kilinge cha mudang, yaani waganga wa Kikorea. Zamani kilikuwa mlima Namsan. Kilihamishwa mwaka 1925, Wajapani walipokuwa wakijenga hekalu lao la Shinto, dini yao ya jadi, kule. Mara nyingi mlango hufungwa. Ukisikia ngoma na matoazi, kuna shughuli ya mtu aliyeilipia: simama mbali, kamera mfukoni.

Panda ngazi kidogo ufike Seonbawi, jiwe lililoliwa na mvua na upepo hadi likafanana na mtawa aliyejifunika joho. Wanawake huja kuomba watoto hapo. Sadaka usiziguse (njiwa wanatosha kuzidonoa).

Kisha shika njia ya ukuta, ulioanza kujengwa 1396, hadi kileleni, mita 338. Miamba ni ya matale na huteleza vibaya baada ya mvua, kwa hiyo ndala hapana. Maji nunua chini, juu hakuna duka.