Mtoto Amepata Nafuu: Je, Upasuaji wa Moyo Ungoje?

Swali: Nina mtoto wa kiume wa miezi 9. Alipokuwa na miezi 3 alilazwa kwa nimonia mara ya pili, na daktari aliyemsikiliza kifuani akatutuma kwenye kipimo cha eko ya moyo, ambako ilionekana kwamba ana tundu kubwa katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo. Tulipewa dawa za kupunguza maji mwilini na kuambiwa kwamba atahitaji kupasuliwa kabla ya kutimiza mwaka. Tangu mwezi uliopita hatoki jasho tena anaponyonya wala hahemi kwa kasi kama zamani. Mavyaa wangu anasema kumpasua mtoto aliyepona ni kumtafutia kifo, tungoje kwanza atembee. Anataka pia akatwe kimio ili kikohozi kiishe, na anadai kwamba mimi ndiye niliyeuharibu moyo wake kwa kupandisha mitungi ya maji hadi orofa ya nne nikiwa na mimba ya miezi 7. Mume wangu amenyamaza. Nifanye nini?
*Mama wa Umoja, Nairobi*

Jibu: Mama, nitaanza na jambo linaloniogopesha zaidi katika barua yako, nalo ni hiyo nafuu yenyewe.

Upande wa kushoto wa moyo husukuma damu kwa nguvu kuliko upande wa kulia, kwa hiyo penye tundu kubwa sehemu ya damu ambayo ingekwenda mwilini huvuka ukuta na kurudishwa mapafuni. Mapafu hufurika, mtoto huhema na kutoka jasho anaponyonya, huugua nimonia mara kwa mara, na uzito haupandi kwa sababu chakula chake huishia katika kazi ya kupumua. Hali hiyo inapotulia, sababu huwa moja kati ya tatu. Huenda dawa zinafanya kazi, au huenda tundu limepungua. Ya tatu ndiyo ya hatari: mishipa ya mapafu, baada ya kupigwa na damu nyingi kwa miezi kadhaa, huanza kuwa minene na migumu, nayo damu inayovuka hupungua. Mtoto huacha kuhema na nyumba nzima hushukuru, kumbe nafasi ya kumpasua inapita. Mambo yakiachwa yafike mbali, damu isiyo na oksijeni hugeuza njia na kuingia mwilini, midomo na kucha zikawa na rangi ya buluu, na wakati huo kuliziba tundu humdhuru mtoto badala ya kumsaidia.

Kwa macho, hakuna awezaye kuzitofautisha sababu hizo, si mimi, si wewe, si bibi yake. Eko ndiyo itakayoonyesha. Usingoje tarehe ya kliniki ijayo. Nenda wiki hii, ueleze jinsi alivyobadilika na tangu lini, na uombe kipimo kirudiwe. Dawa usiziache hata siku moja kwa sababu ya nafuu, na uzipime kwa bomba lisilo na sindano, maana vijiko vya jikoni havilingani.

Mavyaa wako hasemi uongo mtupu. Matundu madogo mengi hujifunga yenyewe kadiri mtoto anavyokua, na pengine aliwahi kumwona mtoto wa namna hiyo. Kuhusu kimio, hata hivyo, sina la kumpunguzia. Kikohozi cha mtoto huyu chatoka mapafuni, na kile kinyama cha kooni hakina hatia. Wembe utamletea kutokwa na damu na kupitisha vijidudu ambavyo, katika moyo wenye tundu, hupata mahali pa kujishikiza na kuzaana. Mkatalie kwa adabu, lakini mkatalie.

Ama mitungi, hesabu yenyewe inakutetea. Moyo huanza kuundwa juma la 3 baada ya mimba kutungwa, na kufikia juma la 8 vyumba vyake vinne vimekwisha kugawanyika, wakati ambapo wanawake wengi ndio kwanza wanashuku kwamba ni wajawazito. Mzigo wa mwezi wa 7 haukuweza kutoboa ukuta ambao ulikuwa umekwisha kujengwa. Zipo sababu zinazojulikana, kama vile rubela, kisukari kisichodhibitiwa, pombe na baadhi ya dawa za kifafa, lakini kwa watoto wengi haionekani sababu hata moja. Takriban mtoto 1 katika kila 100 huzaliwa na kasoro ya moyo.

Nenda kliniki na mumeo na mama yake pia, daktari awachoree moyo huo kwenye karatasi. Kimya cha baba, nionavyo mimi, mara nyingi ni cha pesa. Hakikisheni mtoto ameandikishwa chini yenu katika Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya mfuko wa bima ya afya wa NHIF Oktoba 2024, na muulize ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ni kiasi gani kitalipwa na idhini huombwaje kabla ya kulazwa. Upasuaji wa moyo wa watoto hufanywa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na pia Mater, kule South B, ambayo kwa miaka mingi imeandaa mbio za kuchangia matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo.

Kwa sasa mlishe kidogo kidogo lakini mara nyingi, na uji wake uutie maziwa, mafuta au karanga zilizosagwa laini. Kwa kuwa ametimiza miezi 9, apate chanjo ya surua na rubela. Mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, au midomo ikigeuka rangi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane.

Swali: Binti yangu wa miaka 8 alipasuliwa kwa ugonjwa wa Fallot, kasoro ya moyo aliyozaliwa nayo, akiwa na miaka 2. Mwalimu humketisha kivulini wenzake wanapocheza, naye hurudi nyumbani akilia. Je, mwalimu ana haki?
*Baba wa Kawangware*

Jibu: Mwalimu anaogopa, na hofu yake haina ubaya, ila haifai kuamua kwa niaba ya daktari. Watoto wengi waliorekebishwa kasoro hiyo hukimbia na kucheza, mradi waruhusiwe kupumzika wanapochoka bila kuulizwa maswali. Mwombe daktari wake wa moyo barua inayotaja michezo anayoruhusiwa, na nakala moja ikae kwa mwalimu mkuu. Kliniki msiiache hata akiwa mzima kabisa, kwa kuwa vali (mlango wa damu katika moyo) inayoelekea mapafuni aghalabu huvuja miaka mingi baada ya upasuaji huo. Na kabla hajang'olewa jino, mwambieni daktari wa meno historia ya moyo wake, kwani huenda akahitaji antibiotiki kwanza.