Shingo ya bata kwa eskaveta ya tani 5: ninayoyajua baada ya miaka saba ya kukokota

Mkuu, umeuliza kama trela la shingo ya bata, yaani lile lenye shingo ndefu inayoungwa ndani ya bodi ya pikapu, lenye ekseli mbili za ratili 7,000 kila moja litabeba eskaveta yako (mashine ya kuchimba) ya tani 5, au uongeze hela uchukue lile la ekseli za ratili 10,000 zenye matairi pacha. Umesema muuzaji amekuhakikishia kwamba "la kwanza linatosha kabisa". Mimi nilinunua hilo la kwanza, nikakaa nalo miaka miwili, nikaliuza nikachukua la pili ambalo ninalo hadi leo. Nitakueleza kwa nini, maana kosa langu lilikuwa kwenye hesabu, na ni hesabu hiyohiyo unayotaka kuifanya wewe.

Ekseli mbili za ratili 7,000 ni kilo 6,350 kwa jumla. Eskaveta ya "tani 5" ukisoma karatasi zake unaona 6,350 ni nyingi, una nafasi ya kucheza. Nami niliona hivyohivyo. Sikuhesabu uzito wa trela lenyewe, na mtengenezaji huwa anaupima likiwa jipya, kavu, halina hata mnyororo. Siku nilipolipeleka kwenye mizani, trela tupu lilikuwa kilo 2,580. Eskaveta ikiwa na ndoo yake na tangi limejaa ilikuwa 5,340. Ndoo mbili za ziada, minyororo, madumu ya dizeli na vifaa vya grisi vilifika 460. Jumla kilo 8,380. Katika hizo, 1,760 zilikaa kwenye shingo, yaani juu ya pikapu, na 6,620 zikakaa kwenye ekseli. Nilikuwa nimezidisha kilo 270 kwa miezi mingi bila kujua. Matairi nayo yalikuwa ya kiwango cha E, herufi inayoonyesha uwezo wa tairi kubeba, kila moja hubeba kama kilo 1,600 likijazwa upepo wake wote wa psi 80. Manne ni 6,400, kwa hiyo nayo nilikuwa nimeyapita. Ndiyo maana yalikuwa yanapasuka, na mimi nilikuwa nalaumu joto na barabara.

Hapo ndipo penye somo kuhusu shingo ya bata ambalo ningetamani mtu angeniambia mapema. Trela la kawaida linaloshikwa nyuma ya bampa huweka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye gari. Shingo ya bata huweka asilimia 20 hadi 25, kwenye gololi ya inchi 2 na 5/16 iliyofungwa katikati ya bodi, juu au mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Ndiyo sababu linatulia barabarani, haliyumbishi mkia wa gari pale lori linapokupita, na ukishalizoea hutaki kurudi kwenye la bampa. Lakini uzito huo haujapotea. Umehamia kwenye pikapu, kwenye springi na matairi ya nyuma. Wanunuzi wengi huangalia pikapu inaweza *kuvuta* kiasi gani. Kwa shingo ya bata, angalia kwanza inaweza *kubeba* kiasi gani. Namba hiyo iko kwenye kibandiko cha mlangoni upande wa dereva.

Sasa nikupe na upande mchungu wa hilo trela kubwa, maana sitaki ununue kwa sababu nimelisifu. Langu la ekseli za ratili 10,000 ni kilo 3,560 likiwa tupu, karibu tani moja zaidi ya la kwanza. Kwa mzigo uleule jumla inafika 9,360. Kwenye ekseli zinakaa 7,300, nazo zinaweza 9,072, kwa hiyo huko nyuma nina amani. Lakini shingoni zinakaa 2,060. Pikapu yangu ya matairi pacha inaruhusiwa kubeba 2,500. Toa watu wawili, sanduku la vifaa na tangi la ziada la mafuta, kama kilo 300. Nimebaki na 140 tu. Mwenye pikapu ya tairi moja moja nyuma, hata kama injini ni ileile, kwa mzigo huu mara nyingi hana nafasi kabisa. Hukutaja pikapu yako ikoje, na jibu lako limelala hapo kuliko kwenye trela.

Kupima ni rahisi. Ingia mizani na pikapu peke yake, mafuta yamejaa, watu wako ndani. Andika. Rudi na trela limepakiwa, simamisha magurudumu ya pikapu tu juu ya mizani, andika. Tofauti ya hizo mbili ndiyo uzito wa shingo. Kisha sogea mbele mpaka ekseli za trela peke yake ziwe juu ya mizani. Ukishapata namba hizo, sogeza eskaveta mbele au nyuma mpaka zikae sawa, halafu piga rangi kwenye sakafu ya trela pale minyororo ambayo mashine hutembelea inapoishia. Mimi nina mstari mwekundu na sijawahi kubahatisha tena.

Jambo la pili ni kupakia, na hapa nakuomba usome taratibu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa napakia kwenye mteremko mdogo, pikapu imefungwa breki ya mkono, trela limeungwa. Eskaveta ilipopanda rampu, uzito wote ukawa nyuma ya ekseli za trela, mkia ukashuka na shingo ikainuka. Shingo ikainua nyuma ya pikapu. Breki ya mkono inashika magurudumu ya nyuma, na magurudumu ya nyuma yalikuwa karibu yaelee. Gari zima likaanza kuteleza mbele, mimi nikiwa kwenye usukani wa eskaveta nusu rampu. Lilisimama baada ya mita tatu kwa sababu eskaveta ilizidi kusonga mbele na kurudisha uzito shingoni. Hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo sipakii kabla sijaweka miguu ya chuma chini ya mkia wa trela, na kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya trela na ya mbele ya pikapu, hata kama uwanja unaonekana tambarare. Ukinunua trela lisilo na miguu hiyo, mchomeleaji atakuwekea nusu siku. Kama mashine yako ina minyororo ya chuma na sakafu ni mbao zilizoloa, subiri zikauke au tandika mpira.

Kuunga pia kuna tabia yake. Baada ya kufunga kichwa juu ya gololi na kupitisha pini, nazungusha jeki kuinua shingo kidogo. Ikiinuka pamoja na pikapu, imeshika. Ikiinuka peke yake, umeokoa bodi ya gari na pengine maisha ya mtu. Halafu minyororo ya usalama, halafu waya wa breki ya dharura, ule unaovutwa na kukamatisha breki za trela likichomoka. Waya huo ufungwe kwenye chasi ya pikapu, sehemu yake peke yake. Nimeona watu wakiufunga kwenye mnyororo wa trela lenyewe: trela likichomoka halafu minyororo ikalishika, waya hauvutwi na breki hazikamati. Betri ndogo ya breki hiyo naijaribu kila mwezi, maana hufa kimyakimya.

Breki za umeme ndizo zilizonisumbua kuliko kitu chochote, hata kwenye trela jipya. Kila gurudumu lina sumaku inayovuta kama ampea 3, ekseli mbili ni sumaku nne, yaani ampea 12 zinazosafiri urefu wote wa pikapu na trela. Trela langu la kwanza lilikuwa na waya mwembamba na athi (waya wa kurudisha umeme) iliyofungwa kwa skrubu kwenye chuma chenye rangi. Betri ilikuwa na volti 12.6, kwenye sumaku ya mwisho nilipima 9. Nilikuwa nakanyaga breki za pikapu mpaka zinatoa harufu, nikidhani kidhibiti, kile kifaa cha ndani ya pikapu kinachopeleka umeme kwenye breki za trela, kimekufa. Fundi alivuta waya mnene mpya, akapitisha athi yake hadi kwenye pikapu, na trela likaanza kujisimamisha lenyewe. Kwa hiyo kabla hujabadilisha kidhibiti, chukua mita upime kwenye gurudumu la mwisho. Breki zikiwa mpya, zirekebishwe baada ya kilomita kama 320 za kwanza, kisha kila kilomita 5,000 hivi. Nati za magurudumu zikazwe tena kwa spana ya kupimia kwenye kilomita ya 15, ya 40 na ya 80, na urudie hivyo kila unapofungua gurudumu. Mimi nilipuuza nikapoteza boliti tatu kwa siku moja.

Beringi: za ekseli ndogo huwa na grisi, zifunguliwe kila mwaka hata kama hutembei sana. Za ekseli kubwa mara nyingi huogelea kwenye oili na zina kioo cha kutazamia. Kitazame kila asubuhi, inachukua sekunde tano.

Ukiwaza la mtumba, usidanganywe na rangi mpya. Lala chini uangalie pale shingo inapokutana na fremu, hapo ndipo nyufa huanzia, na rangi nzito juu ya kiungo kimoja tu ni dalili mbaya. Vuta kamba kutoka kona hadi kona uone kama limejipinda. Soma tarakimu nne za mwisho za tarehe ubavuni mwa kila tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la trela la miaka sita nalibadilisha hata kama meno yake bado yako vizuri. Na kibao cha mtengenezaji kikiwa kimeng'olewa, ondoka.

Kufunga mzigo sitarefusha: minyororo minne, kila kona ya mashine wa kwake, na wa tano juu ya mkono na ndoo vikiwa vimeshushwa sakafuni. Natumia minyororo ya daraja la 70 ya unene wa inchi 3/8, kila mmoja umeidhinishwa kwa ratili 6,600, yaani karibu kilo 3,000. Vikazio vya racheti, siyo vya mkono wa kukunja. Cha kukunja kilimvunja jamaa yangu taya.

Jibu langu kwa swali lako basi: kwa eskaveta ya tani 5 na ndoo zake, ekseli za ratili 7,000 hapana. Chukua za 10,000 kama pikapu yako ina matairi pacha na kibandiko kinaruhusu kilo 2,400 au zaidi. Kama hairuhusu, usilazimishe, tafuta lori dogo la kukokotea. Piga picha kibandiko cha mlango na kibao cha hilo trela unalotaka, ziweke hapa. Nitakaa nawe tuzipigie hesabu kabla hujalipa.