Maswali ya Wavuvi: Jigi Yako Iko Futi Ngapi Chini?

Barua tatu za mwezi huu zinamhusu samaki mmoja, krapi wa maziwa na mabwawa ya Marekani, na zote zinauliza habari za majira ya joto, wakati samaki huyu anapoyaacha maji ya ukingoni na kushukia kwenye kina. Kwa wasomaji wageni wa uvuvi huu, kurambaza ni kuvua kwa kukokota chambo majini huku boti ikitembea, na jigi ni ndoana yenye kichwa cha risasi iliyovikwa mwili wa plastiki laini au manyoya.

SWALI: Ndugu mwandishi, nilihamia Mississippi mwaka jana na majirani zangu wengi ni wavuvi wa krapi. Wananiambia kwamba msimu hukoma samaki wanapomaliza kutaga, na kwamba kumtafuta krapi mwezi wa Julai ni kujichosha bure. Je, wanasema kweli?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, na ushahidi uko katika jimbo hilo hilo unaloishi. Krapi mweupe anayeshikilia rekodi ya dunia, mwenye uzito wa ratili 5 na wakia 3, yaani zaidi kidogo ya kilo 2.3, alivuliwa kwenye bwawa la Enid, Mississippi, tarehe 31 Julai 1957. Majirani zako wanachokikumbuka ni wepesi wa majira ya kuchipua, maji yanapofikia nyuzi 16 hadi 20 za Selsiasi na krapi kusogea ukingoni kutaga, ambapo hata mtoto aliyesimama nchi kavu humfikia. Baada ya hapo samaki huhamia kwenye kingo za mkondo wa zamani wa mto uliozibwa, kwenye miti iliyozama, au katikati ya bwawa wanakofuata makundi ya shadi, samaki wadogo ambao ndio chakula chao kikuu. Hawajatoweka, ila sasa hawamfikii mvuvi, na ni lazima yeye awafikie.

SWALI: Nina boti ndogo yenye mota ya umeme. Huwa narambaza fito 4 nyuma ya boti, kila ufito ukiwa na jigi ya wakia 1/16 kwenye mshipi wa ratili 8 (yaani unaohimili uzito huo kabla ya kukatika), pima kumi, yaani futi 60, kutoka botini, kwa mwendo wa maili 1.2 kwa saa. Sona, chombo kinachoonyesha samaki na kina kwa mawimbi ya sauti, inanionyesha krapi wengi kwenye futi 18, mahali penye maji ya futi 30, lakini asubuhi nzima napata mmoja au wawili. Nimekwisha kubadilisha rangi zote nilizonazo. Nakosea wapi?

JIBU: Rangi zako hazina kosa lolote. Samaki wako futi 18, na jigi zako zinapita mbali sana juu yao.

Jigi ya wakia 1/16 haifiki hata gramu 2. Boti inapoivuta, uzito wake huishusha, lakini maji yanayoipiga pamoja na mshipi mzima huinyanyua, na nguvu hizo mbili hazikui sawa. Uzito ni ule ule saa zote, ilhali ukizidisha mwendo mara mbili, msukumo wa maji huwa karibu mara nne. Mshipi wa ratili 8 nao ni mnene kwa kazi hii, kwa hiyo unashikwa na maji kuliko mshipi wa ratili 4 au 6. Kwa mwendo unaoutaja, jigi hiyo itapita futi chache tu chini ya uso, na hata ukitoa mshipi mara mbili ya huo, itapata taabu kufika futi 15. Pima kumi ulizotoa ni urefu wa mshipi nyuma ya boti, na urefu huo hausemi chochote kuhusu kina mpaka umeupima.

Ni vizuri kujua pia kwa nini samaki wako futi 18 na si 28, kwa maana nami niliwahi kupoteza asubuhi kadhaa kwa kutolielewa jambo hilo. Niliamini kwamba kadiri maji yanavyokuwa baridi ndivyo samaki anavyofurahi, nikawa nashusha jigi hadi karibu na sakafu ya bwawa, na sikuguswa hata mara moja. Bwawa lenye maji yaliyotulia hugawanyika matabaka wakati wa joto: maji ya juu yaliyopashwa na jua ni mepesi na huelea, ya chini ni baridi na mazito, na upepo hauna nguvu ya kuyachanganya. Huko chini majani na uchafu huoza na kula oksijeni, wala hewa mpya haishuki mpaka maji ya juu yapoe tena. Kati ya matabaka hayo pana ukanda mwembamba ambao joto hushuka ghafla, uitwao themoklaini, na chini yake mara nyingi oksijeni huwa haba kiasi kwamba krapi hawezi kukaa. Basi samaki hukusanyika juu kidogo ya ukanda huo, mahali penye ubaridi wa kutosha na pumzi ya kutosha. Ongeza usikivu wa sona yako ukiwa kwenye maji ya kina, na huenda ukauona kama ukungu mwembamba uliolala sawasawa kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine. Ukiuona kwenye futi 20, usihangaike tena na chochote kilicho chini yake. Hali hii hupungua katika mabwawa ambayo mto hupita kwa kasi, kwa kuwa mkondo huyachanganya maji.

Krapi ana macho makubwa yaliyokaa juu kichwani, naye hupanda kukifuata chakula kwa wepesi kuliko anavyoshuka. Jigi inayopita futi 1 au 2 juu yake ataiona na kuiendea, lakini inayopita chini ya tumbo lake ni kama haipo. Hivyo kwa samaki wa futi 18 lengo lako ni futi 16 au 17, na hapo ndipo inapokuja kazi ya kupima.

Tafuta mahali ambapo sakafu ya bwawa ni tambarare na haina visiki, kina chake kikiwa futi 16 kwa mujibu wa sona. Anzia kwenye maji ya kina zaidi na uelekee hapo kwa mwendo mmoja usiobadilika, ukitazama ncha ya ufito mmoja tu. Jigi inapoelea bila kugusa kitu, ncha hutetemeka taratibu kwa mpigo ule ule. Inapogusa sakafu, ncha huinama kidogo na kurudi, huinama tena na kurudi, kama mtu anayesinzia, na ukivuta mshipi utakuta tope jembamba kwenye mkunjo wa ndoana. Sasa unajua kwamba uzito huo, mshipi huo, urefu huo na mwendo huo vinakupa futi 16. Usipogusa, punguza mwendo kwanza, kisha ongeza urefu wa mshipi, kisha uzito, na ubadilishe kimoja kwa wakati mmoja ili ujue kilicholeta tofauti. Mimi ningeanzia na jigi ya wakia 1/8 kwenye mshipi wa ratili 6 na mwendo wa maili 0.7 hivi. Weka alama kwenye mshipi kwa kalamu ya wino usiofutika, ili kila unapoutoa uwe ule ule.

Hata hivyo, kwa maji ya futi 18 ningekushauri uache kukokota nyuma na ujaribu kusukuma. Fito hupangwa omoni zikitazama mbele, kila mshipi ukiwa na jigi 2 na chubwi ya nusu wakia hadi wakia 1, na boti huenda taratibu mno, maili 0.3 hadi 0.5 kwa saa, kiasi kwamba mishipi hukaribia kusimama wima. Hapo kina unakisoma moja kwa moja kutokana na mshipi uliotoa, na jigi hupita mbele ya samaki kabla kivuli cha boti hakijamfikia. Kurambaza nyuma kuna faida yake pale samaki wanapokuwa wametawanyika na unataka kupitia eneo kubwa kwa haraka. Ukishawapata wamejikusanya kwenye kina kimoja, kama unavyowaona kwenye sona, kusukuma kuna uhakika zaidi.

Ukiendelea kukokota, usiende mstari ulionyooka. Pinda, nenda kama nyoka, na uangalie ni ufito upi unaopinda kila unapogeuza boti. Unapokata kushoto, jigi za kushoto hupunguza mwendo na kuzama, na za kulia huongeza mwendo na kupanda. Siku moja nilipita mahali pale pale mara tatu bila kitu, na katika mpindo wa nne ufito wa ndani ulilala hadi ncha ikagusa maji. Nikaurudia mpindo ule kwa makusudi, na ufito ule ule ukalala tena. Nilipunguza mwendo wa boti nzima kidogo tu, na fito zote zikaanza kufanya kazi. Samaki walikuwa wakinijibu kila nilipopinda, na mimi niliona mpindo kuwa njia ya kurudi nilikotoka tu.

Krapi anapoinasa jigi, usimvute kwa nguvu. Midomo ya krapi ina ngozi nyembamba kama karatasi, na mkupuo mmoja huirarua. Mwendo wa boti unatosha kumchoma ndoana. Wewe inua ufito kwa utulivu, uwe ufito laini unaopinda, na umpokee kwa wavu mdogo kabla hajatoka majini. Kuhusu rangi, chukua mbili: moja ing'aayo kwa maji yenye tope, moja ya kijivu au nyeupe kwa maji maangavu. Ukiisha kukipata kina, ndipo uanze kuzilinganisha.

SWALI: Shikamoo mzee. Krapi wadogo ninaowarudisha majini wakati wa joto wanaelea ubavu au chali, na wengine hawazami tena. Nawashika kwa upole na sikai nao muda mrefu. Nifanye nini waishi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuuliza, kwa sababu wavuvi wengi huwaona wakielea na kugeuza boti. Krapi ana kibofu cha hewa kisicho na njia ya kutokea kooni, kwa hiyo hawezi kuitoa hewa kwa haraka. Kwenye futi 20 anabanwa na mgandamizo wa karibu mara 1.6 ya ule wa juu, na unapompandisha kwa nusu dakika, hewa iliyo ndani yake hutanuka kwa kiasi hicho hicho. Juu anakutana na maji ya moto, na tayari amechoka kwa kupigana. Upole wa mikono yako haufuti hayo yote.

Texas iliwahi kulitambua jambo hili katika kanuni zake: kwenye Lake Fork na Lake O' the Pines, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, wakati krapi wanapokaa kwenye kina kirefu, mvuvi alitakiwa kumhesabu kila krapi aliyemvua katika idadi aliyoruhusiwa kwa siku, awe mdogo au mkubwa, badala ya kuwarudisha wadogo majini wafe. Jimbo lako linaweza kuwa na kanuni tofauti, na pale sheria inapotaja urefu wa chini ni lazima umrudishe samaki mfupi hata kama unaona hatapona. Kwa hiyo uamuzi wako unatangulia ndoana. Ukipata wadogo watatu au wanne mfululizo kutoka futi 20, kunja fito zako na uhame hapo, au utafute samaki walioko futi 10 hadi 12, ambao hupona kwa urahisi zaidi. Ukifikisha idadi ya kitoweo chako, acha kuvua. Na yule unayemrudisha, mwachie papo hapo pembeni mwa boti bila kumtia kwenye tangi kwanza, kwa sababu kila dakika anayokaa juu inampunguzia nguvu za kuogelea kurudi chini.